Oksijeni ya Kukatia Chuma

Benchi la kwa Oyaro pale Suna ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na anayekaa mwishoni lazima awe mwepesi kuruka wenzake wakiinuka. Hapo ndipo wanaume watatu hunywa kahawa na kuamua mambo ya dunia. Yuko Oyaro mwenyewe, fundi wa kuchomelea, wanayemwita Profesa kwa sababu ana maelezo ya kila kitu. Yuko Wangwe, Mkuria wa kuuza ng'ombe, wanayemwita Daktari kwa kuwa huwadunga wanyama wake sindano mwenyewe. Na yuko Bravin wa bodaboda, aliyejipa jina la Spidi baada ya kungoja sana mtu mwingine ampe. Adhuhuri hiyo alikuja Gichana, muuza viatu, jasho likimtoka. Mkewe Edinah alikuwa amemtuma akatafute gari. Umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi, mashine ya oksijeni ya mtoto wao Kerosi ilikuwa imezimika, na mtungi mdogo wa akiba waliopewa hospitalini ulikuwa unakaribia kwisha.

— Daktari, pikapu yako iko? aliuliza Gichana.

— Iko, alisema Wangwe. Lakini kaa kwanza, Baba Kerosi. Unahema. Spidi, mpe kahawa.

Akakaa. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na alilijua hata kabla ya kushika kikombe. Ukweli ni kwamba aliogopa kulipata hilo gari kuliko alivyoogopa kulikosa. Kerosi alizaliwa kabla ya wakati, akalazwa miezi mingi mashine ikimpumulia, na mashine hiyo hiyo iliyomwokoa ikayaachia mapafu yake makovu. Kliniki ya Homa Bay walimpima akiwa usingizini, daktari wa huko akasema mapafu hayo yanafanya kazi kama nusu ya mapafu ya watoto wa rika lake. Yatakua pamoja naye, lakini polepole. Gichana hakuyasikia vizuri yale ya kukua. Alichokumbuka ni vile vitanda vidogo vya wodini vilivyokuwa vikitandikwa upya asubuhi. Moyoni alikuwa na hakika kwamba mtoto akirudishwa kule, hatatoka tena.

— Hiyo mtoto haina shida ya mapafu, alianza Profesa. Shida ni hii hewa ya taoni. Imetumika. Watu wameivuta, wameitoa, yeye sasa anapewa makombo.

— Mapafu ni kama misuli, alisema Wangwe. Mimi nilikuwa na ndama ilizaliwa mapema. Nikaishika miguu ya nyuma, nikaizungusha hivi, ikakohoa. Leo ni fahali.

— Sasa unataka tuzungushe mtoto ya mtu?

— Nasema tu kile niliona.

— Mimi ningempeleka Sindo, alisema Bravin. Pale ziwani hewa iko freshi, haijaguswa na mtu. Na kama hawezi enda, si tunamletea? Najaza tyubu ya pikipiki huko, nakam nayo mbio, tunamfungulia polepole kwa pua.

Siku nyingine wangecheka mpaka kahawa iwatoke puani. Siku hiyo Gichana alijikuta akiuliza:

— Tyubu ngapi?

Profesa aliweka kikombe chini.

— Tyubu ya nini, yawa? Na hii ni nini?

Akapiga kofi mtungi mrefu uliosimama nyuma yake, ule anaokatia chuma.

— Oksijeni. Tena imejaa. Nyinyi mnatafuta hewa Sindo na mimi nimeiegemea.

— Ya hospitali ni safi, alisema Gichana.

— Nani alikwambia hii ni chafu? Hii inakata chesisi ya lori, omera. Itashindwa na mapafu ya mtoto?

— Presha itampasua, alisema Wangwe.

— Tunafungua kidogo tu. Kidogo sana.

Huo "kidogo sana" ndio uliomaliza ubishi. Wakaulaza mtungi juu ya mkokoteni, Bravin akaufunga kwa mipira ya kufungia mizigo, Profesa akakata kipande cha mpira wa kupitishia hewa, uliojaa grisi nyeusi hadi ndani. Gichana mwenyewe alishika spana na kukaza. Mikono ilikuwa na kazi, na hilo lilimpa nafuu. Pikapu hakuna aliyeikumbuka tena.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando na wilbaro iliyovunjika mguu. Aliitwa Jerusha, mgeni kutoka Awendo, aliyekuja kuchomelewa mguu huo. Alisikiliza kwa muda, kisha akauliza:

— Huyo mtoto yuko wapi?

— Hapo tu nyuma ya posho mill, alijibu Bravin. Yuko na mamake.

— Na sasa hivi anapumua aje?

Profesa alimtazama Wangwe. Wangwe alimtazama Gichana. Swali lilimwangukia Gichana, kwa kuwa yeye ndiye baba. Alipotoka nyumbani mbavu za mtoto zilikuwa zikibonyea ndani kwa kila pumzi, naye akageuza macho upesi asije akaona zaidi. Tangu hapo wamekunywa kahawa, wamebishana, wamekaza nati, na hakuna hata mmoja aliyetembea hatua chache hizo kwenda kumwangalia.

— Sijui, mama, alisema.

Spana ilimtoka mkononi. Wangwe aliinuka, akapapasa mfukoni akitafuta ufunguo. Gichana alikuwa tayari anakimbia. Nyuma yake alisikia pikapu ikikataa kuwaka, ikakataa tena, halafu ikawaka.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Edinah alikuwa ameketi sakafuni kando ya mtungi mdogo, mtoto mapajani, ameinama, sikio lake likikaribia kugusa mdomo wa Kerosi.

— Gari inakuja, alisema Gichana. Nimechelewa, Edinah. Tulikuwa pale kwa Oyaro, tulikuwa tunajaribu—

— Nyamaza, Baba Kerosi, alisema bila kuinua macho. Wacha nimsikie.

Gichana akapiga magoti kando yake, na wote wawili wakangoja pumzi inayofuata.