Mzee Tani Nane: Maisha ya Marehemu Fidele Habonimana

Mzee Fidele Habonimana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 kijijini Mabamba, Kibondo, mimba ikiwa ya miezi saba. Tangu hapo hakuwa mtu wa kusubiri.

Shule ya msingi alijipeleka mwenyewe kabla ya umri. Akarudishwa, akarudi, akawa anasomea nje ya dirisha hadi mwalimu alipochoka na kumwandikisha. Alimaliza darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji Kasulu mjini. Alikuwa fundi cherehani aliyemaliza nguo kabla ya sikukuu, na wenye kuwajua mafundi wataelewa kwa nini wateja walimshangaa.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Mama Dorcas hapa Kasulu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Bwana harusi alifika kanisani Ijumaa, na suti yake, bibi harusi akiwa bado anasukwa.

Mwaka 2017 aliacha cherehani, akapanda ekari mbili za parachichi. Mwaka 2022 Bi. Faudhia, afisa kilimo wa mradi wa parachichi, alimwonyesha picha ya shamba hilo iliyopigwa na setilaiti. Kwa ukijani ule, makisio yalikuwa tani nane. Habari ilifika sokoni kabla Bi. Faudhia hajawasha pikipiki.

Msimu ulipofika, shamba zima lilitoa madebe matatu. Mzee alikuwa ameishindilia miti samadi, ikashiba majani, ikasahau kuzaa. Bi. Faudhia alimweleza kwa upole kwamba setilaiti huona majani, matunda hukisiwa tu. Akamwomba apunguze samadi, naye atayafuta makisio.

“Usifute, mwanangu,” Mzee alisema. “Haijakosea. Imewahi tu, kama mimi.”

Samadi hakupunguza. Jirani yake, Mzee Niyibizi, akawa anamwamkia kila asubuhi, “Mwakeye, Tani Nane?” Jina likashika kijiji kizima. Tuseme ukweli, lilimuuma. Alilicheka barabarani, lakini nyumbani chakula hakikupita.

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua. Alipopimwa kwa ultrasaundi alimuuliza muuguzi, “Mama, hiki nacho kinaona majani tu?” Na kwa kuwa mbeba samadi alikuwa kitandani, miti ilipumua, ikachanua, ikazaa.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, siku chache kabla ya mavuno.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na miti iliyoinamisha matawi hadi chini. Kila aliyefika leo ataondoka na mfuko wa parachichi. Jana, vijana walipomaliza kuchuma, walileta mizani ili familia ijue jumla. Mzee Niyibizi aliisukuma pembeni, machozi yakimtoka.

“Tusipime,” alisema. “Andikeni nane.”

Tumeandika nane. Mzee Fidele ametutangulia, kama kawaida yake. Mungu ampe pumziko jema.