Kemia ya Binti wa Baba Daktari

Hapo Ruiru, nje ya kinyozi, kuna benchi imetatua shida zote za dunia isipokuwa yake yenyewe, maana mguu mmoja ni jiwe. Njau ndiye hufika wa kwanza tangu matokeo ya mtihani wa Form Four yatoke. Siku hizi hata majogoo humngoja ndio wawike. Wenzake humwita Baba Daktari, na jina hilo alijipa mwenyewe wakati binti yake, Waruguru, alikuwa Form One. Ukikohoa karibu naye, tayari amekuwekea kitanda kwa hospitali ya Waruguru, ambayo bado haijajengwa.

Sasa Waruguru amepata B. B nzima, ile ya kuchinjiwa mbuzi. Lakini ndani yake kuna Kemia ya D plus, na kwa udaktari hiyo ni mlango umepigwa kufuli. Kozi zingine ziko wazi tele, na kuchagua kozi za chuo kunafungwa kesho. Njau ameapa ni udaktari ama hakuna kitu kitajazwa.

Opiyo, fundi wa pikipiki anayeitwa Engine, alipuliza kahawa.

— Hiyo komputa ya kuchagua watoto inakunywa petroli, Baba Daktari. Ikikosa, inakula gredi. Kemia ya msichana ilikuwa B plus. Imeumwa.

Kagwe alikataa. Yeye huitwa Waziri kwa sababu aliwahi kufungulia waziri geti. Alisema hakuna komputa. Kuna wazee wamefungiwa chini ya ardhi huko Thika, wanapima majina ya wanafunzi kwa mizani ya kahawa, na jina zito linazama.

— Waruguru ni jina nzito, aki. Ungemwita Joy, saa hii ako theatre anapasua watu.

— Waruguru ni jina ya mamangu, Njau akasema polepole.

— Ndio hapo sasa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Hakuna aliyeuliza maana. Methali za Waziri humezwa bila kunuswa.

Lakini Njau alikuwa anapata nafuu. Komputa mbaya, wazee wabaya, hata mizani mbaya. Kwa hayo yote, Waruguru hakuwa na makosa popote. Angesikiliza mpaka kesho kutwa.

Msichana mgeni, Viola, alikuwa amesimama akingoja kikombe kwa Mbaluka, muuza kahawa. Anasomea unesi na amepanga chumba mtaa wa Kahawa Sukari. Engine akamgeukia.

— Wewe wa chuo, amua. Ni komputa ama ni wazee?

— Hayo sijui. Huyo msichana ako wapi?

— Kwa nyumba, Njau akajibu. — Amejifungia.

— Tangu lini?

— Tangu matokeo.

— Na leo amekula?

Waziri akatafuta methali mpaka kwa soli ya kiatu, akakosa. Njau, mwenye mdomo uliojenga hospitali nzima bila simiti, akahesabu siku kwa vidole. Alikuwa anatoka nyumbani Waruguru hajaamka, na kurudi akimkuta amezima taa.

Akaweka kikombe chini kikiwa nusu. Kwa Mbaluka alichukua mandazi ya moto kwa gazeti, kisha akamrudia Viola.

— Mama, hiyo kuchagua inafungwa saa ngapi kesho?

— Msichana wako anajua, mzee. Muulize.

Njau akavuka barabara kuelekea nyumbani bila kuangalia kando, mandazi kifuani. Trela mbili zikasimama zikamngoja.