Mzee Machozi Anahamia Mlimani

Baada ya kuulinda ukuta wetu kwa miaka thelathini na mmoja, Mzee Machozi anastaafu tarehe 30 Juni. Wageni wakilisikia jina hilo hudhani ni mtu wa huzuni. Kumbe hakuna mcheshi kama yeye. Machozi ni ya ukuta.

Bwawa letu limezuiwa kwa ukuta wa mawe, na maji kidogo hupenya na kutokea chini, kwenye mfereji mdogo. Kazi ya Mzee ilikuwa kuyapima na kuyatazama. Yakiwa maangavu, ukuta ni mzima. Yakiwa na tope, unaliwa kwa ndani. Tope aliliona mara moja tu, akasimamisha mitambo ya umeme bila kumngoja meneja. Wiki hiyohiyo alipewa onyo na cheti cha pongezi, na mpaka leo hatujui kipi kilitangulia.

Usiku, umeme ukiwa mwingi kuliko unaotumika, pampu hupandisha maji kwenye ziwa la juu; mchana huteremshwa yazungushe mitambo. Kila mgeni kazini huuliza kwa nini yasiachwe hukohuko juu. Mzee hujibu kwamba hata yeye hulala juu na kufanya kazi chini, na hakuna anayemshangaa.

Ni kweli. Alipooa alimwambia mkewe kwamba ukuta unavuja. Bibi harusi akafunga masanduku, akahamia kwa dada yake mlimani. Tangu hapo Mzee hupanda kila jioni.

Ndoto yake ilikuwa kustaafu na kuishi na mkewe katika nyumba aliyojenga bondeni, chini ya bwawa. Wiki iliyopita mama huyo alikuja kuiona. Akasifu madirisha, akasifu jiko, kisha akasema sasa ndiyo haji kabisa, maana zamani angalau mtazamaji wa ukuta alikuwa mume wake.

Tulichanganyikiwa. Kama alimwamini hivyo, mbona hakushuka? Fundi wa pampu alituonya kwamba ya wawili hayataki wa tatu. Mzee alimaliza chai yake, akaomba gari la kupandisha kitanda mlimani.

Mzee, asante kwa kila asubuhi tuliyowasha mitambo bila hofu. Tunawatakia nyote wawili afya na maisha ya raha huko juu. Na mama, utuwie radhi: michana yake yote tuliichukua sisi. Iliyobaki ni yako.