Msimuonee Irene

Basi la kwenda katikati ya mji wa Duluth lilijikokota kwenye theluji. Marlys alikuwa akifuta machozi kwa glavu, na mwanamume wa makamo aliyeketi kando yake akashindwa kuvumilia. "Kulikoni, dada?"

"Kanzidata yetu ya kupeleka chakula kwa wazee, ile inayoonyesha nani anakula nini, imeharibika tena. Jana bibi mwenye kisukari kapelekewa keki. Sasa bosi anamfukuza mwenzangu Irene, eti ndiye aliyeichezea."

"Faili lenyewe mmeliweka wapi?"

"Kwenye diski ya pamoja. Ofisi zetu zote mbili tunalifungua kupitia mtandao."

"Basi msimuonee Irene wa watu. Anayeandika hulifunga faili ili mwenzake asubiri. Kupitia mtandao, kufuli hilo mara nyingine halionekani. Mnaandika wawili kwa mpigo, faili linavurugika. Liwekeni ndani ya kompyuta moja, na hiyo peke yake ndiyo iandike. Nyinyi wengine muitumie tu maombi ya mabadiliko mnayotaka."

"Bosi hatakubali. Anasema miaka yote limekaa hapo hapo."

"Na miaka yote linaharibika, au siyo?"

Marlys alicheka bila kutaka, kisha akakumbuka jinsi alivyonyamaza jana Irene alipokuwa akifokewa. Kicheko kikamkauka.

Basi liliposimama, alishuka upesi. "Na mtoe nakala ya faili kwanza!" mwanamume alimpigia kelele, mlango ukijifunga.

Hakugeuka. Simu ilikuwa tayari sikioni. "Irene, usisaini karatasi yoyote ya kufukuzwa. Nakuja kusema na bosi mimi mwenyewe."