Maji Aliyoyakataa Musembi

Ndugu waombolezaji, mtaniwia radhi nikisoma haraka, kwa kuwa kafyu haina huruma na msiba, na mimi Kioko, mdogo wa marehemu, sitaki mtu apatwe na balaa njiani kwa sababu yetu.

Marehemu Musembi alizaliwa Mwingi tarehe 4 Machi 1929, akasoma shule ya misheni huko huko, akaajiriwa fundi wa maji Machakos mwaka 1949, akafunga ndoa na Loise tarehe 10 Desemba 1955, wakajaliwa mabinti watatu, na Februari 1965 akahamishiwa hapa Garissa penye vita, hofu ikahamia nyumbani kwetu siku hiyo hiyo.

Mwaka jana, wafugaji walipokusanywa na serikali kandokando ya mji na watu wakawa wengi kuliko maji, Musembi ndiye aliyetakiwa kupanga bei ya bomba, akapanga kila mtu alipe kila siku, kana kwamba mfugaji hushika fedha kila siku, ilhali huziona siku ya kuuza mbuzi tu, basi wasio na kitu wakawa wanajiiba alfajiri, kafyu haijaisha, kwenda mto Tana, na huko Bare, mume wa Abshiro, akapigwa risasi, na nani hatujui, wala leo si siku ya kuuliza.

Musembi aliusikia mlio ule akiwa kitandani, akaenda kutoa pole, na Abshiro, kama ilivyo desturi yao, akampa mgeni maji kabla ya neno lolote, lakini ndugu yangu alikuwa ameambiwa kwamba maafisa wanatiliwa sumu, akaogopa, akakiweka kikombe chini, na mjane akaona.

Kesho yake akaibadili bei, watu wakachota bure, yakalipiwa maji ya mifugo peke yake, tena siku ya mnada, akaitetea mbele ya wakubwa, ila kwa Abshiro hakuthubutu kurudi.

Malaria ilimlaza mwishoni mwa Aprili, akawa anashtuka kila mlango unapolia, hadi Abshiro alipoingia wodini na kikombe kile kile, akamwinua kichwa, akimwambia kunywa, walaal, ndugu yangu, hii maji ni ya bomba yako, naye akanywa yote, akafariki Jumanne tarehe 9 Mei 1967, uso wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu aje huku.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani, na wafanyakazi wenzake waliomchimbia kaburi hapa, kwa kuwa njia ya Mwingi imetegwa mabomu na Loise na watoto wameshindwa kufika, na wewe Abshiro, dada yetu, hatuna la kukulipa.

Pumzika kwa amani, kaka, hofu yako imekwisha, na sisi tutawanyike kabla jua halijazama.