Dympna Cunniffe na Mwita Ng'ombe wa Cloonaveel

Nani kati yenu mliokaa humu kanisani alishawahi kuulizwa swali na Dympna Cunniffe akalijibu bila kwanza kutazama dari? Familia imefikiri wiki nzima haijampata hata mmoja, kwa hiyo msione haya, mpo wengi, na marehemu mwenyewe hakuwa na kinyongo na wenye kutazama dari, alichukua tu kiti akakaa, akakubali chai, akasubiri mshuke.

Marehemu Dympna Mary Cunniffe alizaliwa tarehe 3 Februari 1927 katika kitongoji hiki cha Cloonaveel, kaunti ya Galway, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Thady Fallon na Bibi Honor Fallon, katika ile nyumba ya chini kuliko zote, ambayo wakati wa kiangazi hutazamana na malisho na wakati wa baridi hutazamana na ziwa, kwa kuwa ziwa letu halina mto, hutoka ardhini lenyewe baada ya mvua za Novemba, likapanda polepole katikati ya nyasi kama mtu anayeota, na Mei hurudi chini kwa lile shimo la mawe bila kumuaga mtu. Alizaliwa maji yakiwa yamefika kwenye ukuta wa bustani, na mkunga aliletwa kwa mashua juu ya uwanja ambao vijana walichezea mpira wa fimbo mwezi Agosti. Marehemu alipenda kusema kwamba kwa sababu hiyo hakuwahi kuiamini sana ardhi.

Alianza shule ya msingi ya parokia yetu mwaka 1932, chini ya Mwalimu Tarpey, aliyependa hati nzuri kuliko alivyopenda watoto. Katika mwaka wa masomo wa 1937 hadi 1938 lilikuja agizo kutoka Dublin kwamba watoto wa darasa la juu wawaulize wazee wao habari za zamani, waziandike, na madaftari yapelekwe huko yakahifadhiwe, na Dympna, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alileta mistari mitatu juu ya dawa ya sugu, pamoja na majina ya mashamba yote yanayopakana na kwao, na chini ya kila neno aliandika jina la shangazi yake aliyemwambia. Mwalimu akasema ni kazi kavu. Kisha akalisomea darasa kazi ya Malachy Hession, jirani yao wa mlimani, ukurasa mzima bila doa, juu ya mwanamke wa Cloonaveel aliyewafuata ng'ombe wake saba shimoni kiangazi kimoja, nyasi zikizidi kuwa tamu kadiri walivyoteremka, mpaka maji yakawafunikia njia ya kurudi, na tangu hapo, ziwa linapotaka kupanda ghafla, mwanamke huyo husikika akiwaita ng'ombe wake mmoja mmoja, na anayemsikia hana budi kuwarudisha watu wake ndani. Wengine darasani walilia.

Getini Dympna alimngoja.

"We Malachy, nani alikwambia?"

"Babu."

"Babu yako hasemi tangu alipoanguka. Hata maji haombi."

"Kwangu husema."

"Husema lini?"

"Ukiwa hupo," alijibu Malachy, akaondoka akipiga mluzi, na kwa jibu hilo, ndugu waombolezaji, ilianza kazi ya maisha ya mtu.

Mwaka 1940 alipata nafasi ya kusoma sekondari kwa masista wa Tuam, akamaliza 1945, akarudi nyumbani na Kilatini, na hati yake mwenyewe sasa ikiwa nzuri, na dharau kidogo kwa mambo ya ziwani, kama anavyorudi kila aliyetoka shule. Wazee wakianza habari za mwita ng'ombe kando ya moto, kwa sababu hadithi ilikwisha kushuka toka daftarini ikaingia majumbani, na sasa hata waliokuwa hawakuisikia kabla ya 1938 waliapa waliipata kwa bibi zao, Dympna alikuwa akisema kwa sauti, "Mbona jana ilikuwa ng'ombe watano?" Mama yake alimfinya. Alifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1949 katika kanisa hili na Bwana Colman Cunniffe, mkulima, mtu mpole aliyekuwa akiimba kwa makosa, na wakajaliwa watoto wawili, Enda mwaka 1950 na Ita mwaka 1953.

Bwana Colman alifariki tarehe 11 Desemba 1954. Familia imekuwa ikilisoma jambo hili katika historia zake kwa mstari mmoja, alizama ziwani akiwatafuta ng'ombe wake madume, na leo, kwa agizo la marehemu mwenyewe, italisoma lote. Ilikuwa jioni, mvua imekatika, upepo umekufa kabisa, maji yakipanda kimya kati ya majani kama yanavyofanya, Colman ameteremka na taa kuwaleta madume kutoka shamba la chini, na Dympna alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Katika ule utulivu akamsikia mwanamke, mbali, upande wa shimo la mawe, akiita ng'ombe kwa ile sauti ndefu inayovutwa, jina baada ya jina. Aliisikia wazi. Angeweza kumwita mumewe, taa bado ilionekana. Lakini alikuwa mwanafunzi wa masista wa Tuam, aliyewacheka wazee wote wa Cloonaveel mbele ya mioto yao wenyewe, akajiambia huu ni upuuzi, akaingia ndani, akafunga mlango. Majirani walimpata Colman siku ya pili.

Tangu jioni ile marehemu alikuwa na swali moja tu, mengine yote aliyowauliza yalikuwa njia ya kulifikia. Kama hadithi ile ilikuwa ya kale kweli, imepokewa mdomo kwa mdomo, basi alionywa kama walivyoonywa wengi kabla yake, na yeye kwa kiburi akafunga mlango. Kama haikuwa ya kale, basi alichosikia kilikuwa ndege, au bomba la maji, au masikio ya mwanamke mwenye wasiwasi, wala hakuna alichokataa kukisikiliza. Hakumwambia mtu hadi alipomwambia Ita mwaka 1994, wakimenya viazi, bila kuinua kichwa.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1957 katika gari la maktaba la kaunti, akalifanyia kazi miaka thelathini na mitano, akiazimisha vitabu mlango kwa mlango na kukusanya alichokuwa anakitaka. Ndivyo ilivyopatikana kumbukumbu ya Cloonaveel mnayoijua, kila shamba na jina lake, kila nyumba iliyoanguka na moto wake ulizimika lini, nani alikwenda Boston na nani alisema anakwenda Boston akaishia Athlone hapo karibu, na pembeni mwa kila habari, nani aliisema, na yeye aliambiwa na nani. Mwita ng'ombe peke yake aliachiwa nafasi tupu. Malachy Hession, wakati huo, alikwisha kuwa mtu mashuhuri, walimjia watu na mashine za kunasa sauti, redio ilimweka Jumapili, na yeye, kwa haki, alisimulia vizuri, hata ukaona maji yakipanda ndani ya chumba.

Mwezi Juni 1998 halmashauri ilitaka kusimamisha ubao kando ya ziwa wenye hadithi ile, na katika ukumbi wa parokia bwana wa halmashauri alimwomba Dympna athibitishe.

"Mama Cunniffe, hadithi ni nzuri mno."

"Uzuri wake nauona, mwanangu. Nauliza nani aliisema."

"Malachy, mjibu basi tukanywe!" alipiga kelele mtu wa nyuma.

"Nilikwisha kumjibu mwaka thelathini na nane. Babu."

"Babu yupi?" Dympna akauliza. "Mmoja alikufa hujazaliwa, na mwingine alikuwa hasemi."

"Basi alinisimulia kwa macho."

"Ng'ombe saba wote? Kwa macho?"

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia, Malachy naye akacheka, na ni Ita peke yake aliyeona kwamba mama yake ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye mashuani. Ubao ulisimamishwa bila sahihi yake. Mnaupita kila siku.

Marehemu alistaafu mwaka 1992, akaendelea kufanya kazi ileile bila mshahara wala gari. Alianza kuugua moyo katika majira ya baridi ya 2010, akalazwa Galway Januari, akakataa kubaki huko kwa maelezo kwamba dirisha lilitazama maegesho, akarudishwa Cloonaveel, kitanda kikawekwa upande wa ziwa. Alifariki dunia tarehe 9 Mei 2011, saa tatu asubuhi, maji yakiwa yamekwisha kushuka na nyasi zimerudi, mbichi, zimelala upande mmoja kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.

Familia inawashukuru Daktari Naughton, aliyekuja kila mara alipoitwa na mara mbili bila kuitwa, nesi Concepta, madaktari na wauguzi wa Galway, wafanyakazi wenzake wa maktaba, majirani waliochimba kaburi, na kina mama walioleta mikate ya magadi soda mingi kiasi kwamba bado tunawaomba mchukue mnapoondoka.

Wa mwisho kushukuriwa ni Bwana Malachy Hession, aliyekaa pale safu ya tatu, ambaye amekubali haya yasomwe, na alipoulizwa tena jana alikubali tena. Alikuja kumwona mgonjwa alasiri ya tarehe 4 Mei, na fimbo yake, akakaa, akapewa chai, akaanza habari za bei ya ndama. Dympna alimwacha amalize. Halafu, kwa sauti ndogo, akiangalia dirishani, akamwambia alichokisikia mlangoni jioni ile ya 1954, na taa iliyokuwa bado inaonekana, na mlango alioufunga. Malachy hakuwa amejua. Miaka yote ile alidhani anasumbuliwa na mwanamke mpenda kumbukumbu, hakujua kwamba anaulizwa na mjane. Aliweka kikombe chini, kikakosa meza, Ita akakiokota.

"Nani alikwambia, Malachy?" Dympna akauliza.

Kwa hiyo, Dympna binti Fallon, mke wa Colman, mama yetu, lala sasa ulipolala, mlango ukiwa wazi, nafasi ile tupu tumekujazia kwa kalamu, na tuliyoyaandika ni maneno ya Malachy mwenyewe, kama alivyoyasema mbele yako na mbele ya Ita, akilia bila kujifuta:

"Hakuna mtu, Dympna. Ilikuwa Jumapili, mvua haikatiki, babu amelala hasemi, na kesho yake Tarpey angenichapa. Nikakaa mezani nikaitunga. Hapakuwa na mwanamke wala onyo lolote, na wale ng'ombe nilikuwa nawaongeza mmoja mmoja kwa sababu ukurasa ulikuwa haujajaa. Niliitunga mimi."