Inkeri za Fundi Munyakazi

Goma ya mwaka hamsini na tano, mtu aliyetaka habari za dunia hakuhitaji redio. Alishuka tu njia ya Majengo mpaka kibanda cha fundi Munyakazi, ambako ubao mmoja ulilazwa juu ya mawe meusi ya volkano, na juu ya ubao wakaketi wanaume wasio na haraka. Mama Nyirakamana alichemsha kahawa pembeni, ndani ya birika lililoungua mpaka likasahau rangi yake. Alasiri moja ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani, ziwa halionekani, sauti za watu zinapita njiani bila miili. Munyakazi aliupenda ukungu. Siku kama hiyo hakuna aliyeona vizuri, naye akawa mtu kama watu wengine.

Wenzake walimwita Sindano. Magotini alikuwa na gauni jeupe la Léoncie, binti yake wa mwisho, aliyekuwa afunge ndoa Jumamosi. Cherehani ilikwisha kufanya kazi yake. Ulibaki upindo wa chini, na upindo wa bibi arusi Munyakazi aliushona kwa mkono, kama alivyowashonea dada zake Léoncie wote. Lakini tangu asubuhi tundu la sindano lilikuwa likimkimbia. Alilamba uzi, akaulenga, akakosa. Akalamba tena. Hakumwambia mtu. Fundi akisema haoni, amebaki na nini?

Ndipo akafika Donat, mpishi wa daktari mmoja Mbelgiji, ambaye kwa kupika supu ya daktari alipewa jina la Dokta. Mkononi alikuwa na jani la mgomba lililofungwa vizuri. Alilifungua juu ya ubao: matunda madogo meusi, ya weusi ule unaokaribia bulu.

— Sindano, acha kazi, kula. Inkeri za Kibumba. Bado ziko na baridi ya mulima.

— Niko na kazi, Donat.

— Hii njo kazi. Iko na vitamini.

— Vitamini ni nini? aliuliza Sikuli, mchuuzi wa maharage kutoka Butembo, aliyeitwa Kilometa kwa sababu kila hadithi yake ilianzia mbali.

— Ni kitu chenye kukaa ndani ya tunda na hakionekanake. Daktari anakulaka za kwao, za bulu kabisa, zinatoka Ulaya ndani ya chupa, konfitiri. Anapakaa ku mukate. Anasema zinasafisha damu, zinalainisha tumbo. Na macho pia...

Donat aliangalia juu, kama mtu anayetafuta mvua.

— Macho zinayafungua.

Mkono wa Munyakazi ulikwenda wenyewe kwenye jani.

— Sasa juu ya nini daktari wako anavaa luneti ku macho? aliuliza mama Nyirakamana.

— Anayapumzisha macho, mama. Bila luneti angeona mpaka Bruxelles, asilale.

— Donat hadanganye, alisema Kilometa. Mimi ku milima ya Lubero niliona ngagi muzee, gorila ya mugongo mweupe, anakula hizi hizi, usiku, bila taa. Umeisha ona ngagi anajikwaa?

— Umeisha ona ngagi anashona?

— Hana harusi, mama, alisema Munyakazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Akachota konzi nyingine. Hakuna aliyeuliza ufa uko wapi.

— Hata akili zinarudisha, Donat aliendelea. Kule Kibumba kuko bibi mumoja alikuwa amesahau mpaka jina lake. Wakamupa inkeri. Akaanza kuita mbuzi za babu yake, moja moja, kwa majina. Zingine zilikuja.

— Hiyo ni kidogo, alisema Kilometa. Ukizikula toka mvua mpaka mvua, unaona rangi ya upepo.

— Upepo uko rangi gani? aliuliza Munyakazi polepole.

— Wa ziwa ni kijani. Wa mulima ni mwekundu, sababu ya moto.

Munyakazi alitafuna. Inkeri zilikuwa chachu kwanza, halafu tamu. Akafumba macho, akaona tundu la sindano limekuwa pana kama mlango wa kanisa, na yeye anapita pale na Léoncie mkononi, upindo mweupe unafagia sakafu, kila mshono unaonekana. Tumaini lilimjaa kifuani mpaka akaogopa kupumua.

— Kula, muzee, alisema Kilometa, akimsogezea jani. Mwenye macho haambiwi tazama!

Donat alimkanyaga mguu. Munyakazi hakuona. Alikuwa amekwisha kulivuta gauni, anatafuta upindo kwa vidole, anaulainisha, anaurudia, wakati wale wawili wanagombania rangi ya upepo wa Rutshuru na mama Nyirakamana anapuliza moto.

Léoncie alitokea ndani ya ukungu, amekuja kujaribu gauni lake. Aliwasalimu wote, akainama juu ya magoti ya baba yake.

— Papa, haya maua ya bulu ku upindo, ni weye uliyaweka? Ni mazuri.

— Maua gani?

Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

Léoncie alitazama vidole vya baba yake, vilivyolowa maji ya inkeri. Akatazama sindano, haina uzi.

— Nilitaka nikushonee, alisema Munyakazi. Kama dada zako.

Aibu ilimchoma. Aliinua uso, na mahali pa binti yake akaona weupe tu wenye sauti.

— Toka mvua ya mwaka jana haoni muzuri, mutoto wangu, alisema mama Nyirakamana. Sisi wote tulijua. Donat alienda Kibumba kwa miguu sababu yake.

Léoncie aliwageukia, bila hasira.

— Sasa nyinyi, papa Donat, papa Sikuli, macho yenu mazima. Juu ya nini hakuna mwenye alimutungia uzi?

Kilometa, mwenye hadithi kwa kila kitu, akalitafuta ziwa kwa macho, ukungu umelimeza. Mama Nyirakamana aliinamisha birika. Likatoa tone moja, basi.

Léoncie alitunga uzi, akaiweka sindano kwenye vidole vya baba yake, akavishika mpaka vikaukuta upindo.

— Shona, papa.

— Na madoa?

— Nitaolewa nayo.

Munyakazi akaanza, kwa kupapasa, na mkono uliijua njia. Baada ya muda Donat alikohoa, akanyoosha kiganja.

— Lete sindano ingine, nimutungie ya kufuata.

— Na mimi, alisema Kilometa. Alilamba uzi, akaulenga, akakosa. Akalamba tena, akakosa.

— Kula inkeri, mama Nyirakamana alimwambia.